Mgonjwa wa Kitanda cha Nne

Asubuhi za mtihani, Kitanda cha Nne alimvaa yule mwanamke wa kwenye karatasi kama mtu anavyovaa gauni la kuazima: mikono kwanza, kisha shingo, kisha anavuta pumzi aone linambana wapi. Mara nyingi lilimbana mabegani. Wanawake wa kwenye karatasi huwa na mizigo mingi mabegani.

Kwa kazi yake halisi alikuwa fundi cherehani. Alifika chuo cha udaktari miaka sita nyuma kuja kupima mapazia ya ukumbi wa mazoezi, na siku hiyo mgonjwa mmoja wa kuigiza hakutokea. Mratibu wa mitihani, mwanamke mwenye funguo nyingi na subira kidogo, akamtazama fundi na futi yake ya kamba shingoni, akamwambia, mama, hebu lala hapa kidogo. Akalala. Tangu hapo kila muhula walimwita, naye kila muhula alilala.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kabla wanafunzi hawajaachiwa wagonjwa wa kweli, hupimwa kwa watu wazima wa afya waliokariri ugonjwa. Ukumbini mlikuwa na vitanda vinane, kila kimoja kimezungushiwa pazia jeupe. Mwanafunzi anaingia pazia la kwanza, anamhoji mgonjwa, kengele ikilia anahamia la pili, dakika nane kila kitanda. Pembeni anakaa daktari mtahini na fomu yake, kimya kama saa ya ukutani. Wagonjwa hawakuitwa kwa majina. Waliitwa kwa vitanda vyao, nao wakazoea hata kuitana hivyo chai ikinywewa. Kitanda cha Kwanza alikuwa dereva mstaafu aliyeumwa kifua, na alikuwa akifa kwa bidii kubwa. Mratibu alikwisha kumwonya kwamba karatasi inasema maumivu, haisemi kuaga dunia. Mzee alijibu kwamba yeye hajawahi kufanya kazi nusu nusu.

Masharti yalikuwa mawili. Usiseme lisilo kwenye karatasi. Usizungumze na mwanafunzi habari za mtihani, si kabla, si baada. Karatasi inakuja asubuhi ndani ya bahasha iliyofungwa na inarudi bahashani jioni. Fundi aliishika miaka yote kama mtu anavyoshika amana, maana amana hata iwe ya karatasi, Mola anaihesabu.

Siku hiyo bahasha yake ilikuwa na mama wa watoto watatu asiyelala. Maneno yake yalikuwa machache. Naamka saa tisa za usiku. Chakula nakitafuna kama karatasi. Nimekuwa mzigo kwa watu wangu. Na la mwisho, la kutolewa tu kama mwanafunzi ataliuliza waziwazi: wakati mwingine naona heri nisingeamka. Chini kabisa ya fomu palikuwa na mstari mmoja wa kujazwa na mgonjwa mwenyewe. Je, alikujali? Ndiyo au hapana.

Wa kwanza aliingia, akasikiliza, akasema, "Pole sana, mama. Naelewa unavyojisikia." Wa pili akasema vilevile. Wa tatu akasahau, akatoka, akachungulia tena kwenye pazia kuja kusema pole yake, kisha akakimbilia kengele. Fundi aliwawekea ndiyo, wote. Walifundishwa pole hiyo darasani kama mtu anavyofundishwa kupima joto, nao waliitoa kwa adabu. Utamnyima alama mtoto wa watu kwa sababu pole yake haina chumvi?

Kufika wa sita jua lilikuwa limepanda usawa wa madirisha na mapazia yote yakawaka weupe. Hapo ndipo ukumbi ulipoanza kuelea, kama ulivyozoea. Kutoka kila kitanda yalitoka maneno yaleyale yaliyotoka nusu saa iliyopita, kifua kile kile, mguu ule ule, na mzee wa Kitanda cha Kwanza akikata roho kwa mara ya sita. Fundi alisikia sauti yake ikisema naamka saa tisa, akawa hana hakika kama imeshasema au ndiyo inakwenda kusema. Ilikuwa kama kushona mshono mmoja siku nzima, mpaka mkono unakwenda peke yake na mwenyewe umekaa mbali, unautazama.

Wa tisa alikuwa kijana waliyemwita Kamusi. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ukimtajia mfupa wowote wa mwili, hata ule usiojua kama unao, atakwambia umeshikana na upi. Fundi alimkumbuka kwa jambo jingine. Miaka miwili nyuma, katika mtihani wa tumbo, wanafunzi kumi na wawili walimwekea mikono ya baridi, ila huyu alisugua viganja kwanza mpaka vikapata joto. Mwaka huu alikuwa amekonda. Koti lake jeupe lilifungwa vifungo viwili vya juu tu, vilivyobaki vimeachwa wazi, na jicho la fundi liliviona kabla ya uso wake.

Alikaa kitini, hakusalimia. Daktari mtahini, aliyeitwa Daktari Saa kwa jinsi alivyotazama mkono wake kila dakika, akautazama mkono wake.

"Daktari, silali," fundi alianza.

"Unaamka saa tisa," kijana alisema. Hakuwa akiuliza. "Huhitaji hata kutazama saa. Chakula ni kama unatafuna karatasi, lakini unameza mbele za watu wasije wakakuona. Unaona umekuwa mzigo kwa watu wako." Aliitazama mikono yake. "Unasimama gizani unavaa koti. Unafunga kifungo cha kwanza, cha pili. Cha tatu unaona ni kazi ya mtu mwingine. Unakaa hivyohivyo mpaka kunapambazuka."

Kalamu ya Daktari Saa ilikuwa ikienda mbio. Fundi akajiona kama mtu aliyefika nyumbani akamkuta mgeni amekaa kwenye kiti chake. Maneno yake yote yalikuwa yamechukuliwa. Akatafuta lililobaki, na kwa kuwa mkono uliozoea mshono unakwenda peke yake, mdomo wake nao ukaenda peke yake.

"Nimekuwa mzigo kwa watu wangu, daktari."

Kijana akainua macho. Alimtazama kama mtu aliyebisha hodi mlangoni, akajibiwa na redio.

"Ndiyo," alisema taratibu. "Ndivyo inavyokuwa."

Kengele ikalia. Akatoka bila kusema pole. Fundi akaishika fomu, akafika kwenye mstari wake, kalamu ikabaki hewani. Alikuwa hajaandika kitu pale wa kumi alipoingia na kusema shikamoo.

Saa ya chai wagonjwa walikaa kwenye chumba cha shuka. Kitanda cha Kwanza alikuwa na habari, maana mtu anayekufa mara kumi na mbili kwa siku husikia mengi amelala. Kamusi amenaswa, alisema. Daktari Saa amepeleka fomu ofisini, anadai kijana ametaja karatasi ya Kitanda cha Nne mstari kwa mstari kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Kamati inakaa alasiri. Akipatikana aliiona, anafukuzwa, na mwaka wake wa nne wote unakwenda na maji.

Kitanda cha Sita, dada aliyevunjika mguu kila muhula na kucheza mpira wa pete kila Jumamosi, alisema hakushangaa, wenye akili nyingi ndio wezi wazuri.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema mzee.

"Wewe kitanda chako hakina kunguni, kina majeneza."

Wakacheka. Kisha Kitanda cha Sita akamgeukia fundi, akasema kwa sauti ya chini kwamba awe macho naye, kwa kuwa karatasi ilikuwa mikononi mwake, na watu watauliza nani alimpa kijana.

Fundi hakuwa amefikiria hilo. Miaka sita ya bahasha, na leo wamwone mwizi wa bahasha. Lakini lililomwuma lilikuwa jingine, na kadiri alivyolitazama ndivyo lilivyojitenga na mengine kama uzi mwekundu ndani ya uzi mweupe. Yule mwanamke wa kwenye karatasi hakuwa na koti. Alikuwa mama wa nyumbani. Hakuna mahali palipoandikwa koti, wala vifungo, wala kukaa mpaka kupambazuke. Kijana hakuwa akisoma karatasi ya mtu. Alikuwa akisema yake, mbele ya watu wazima wawili, na mmoja alikuwa akihesabu alama na wa pili akamjibu kwa kukariri.

Mimi ndiye wa pili, alijisemea, na hakupata wa kumsukumia.

Alikiweka kikombe, akaenda kwa mratibu. Mratibu alimsikiliza mpaka nusu. Akamwambia kwa upole wa haraka kwamba mgonjwa wa kuigiza hana maoni, ana karatasi. Kama ana la kusema aseme muhula ukiisha, lakini akisema sasa atakuwa amezungumzia mtihani, na sharti analijua. Fundi akaitikia ndiyo, mama. Akatoka. Kwenye korido alisimama, akasali sala fupi ya mtu aliyechelewa, kisha akabisha mlango wa Daktari Saa.

Daktari alikuwa amekaa na fomu mbele yake. Alimkaribisha kiti, ingawa macho yake yalikwenda kwanza mkononi. Fundi akamwomba amsomee yale aliyoandika ya Kamusi. Akamsomea: saa tisa, chakula kama karatasi, mzigo. Matatu, kwa mpangilio.

"Na baada ya mzigo alisema nini?"

"Alipotea kidogo. Hakurudi kwenye mada."

"Alisema nini, daktari?"

Alifikiri. "Habari za koti. Vifungo."

"Nisomee kwenye karatasi yangu palipoandikwa vifungo."

Daktari aliivuta ile karatasi, akaipitia, akaipitia tena kutoka chini kwenda juu, kama vile vifungo vingeweza kujificha. Fundi alimwacha. Alijua namna ya kumsubiri mtu anayetafuta kitu ambacho hakipo, wateja walimfundisha. Nje kulikuwa na ndege mmoja akirudiarudia wimbo wake kwenye bomba la maji.

"Nilisikia," daktari alisema mwishowe. "Niliposikia sikuandika, kwa sababu hakuna kisanduku chake."

"Mimi nilisikia nikamjibu kwa mstari wa tatu. Hatupishani."

Daktari alijaribu kujitetea kidogo, kwa sauti ya mtu asiyejiamini sana. Alisema mwaka wa nne ni mgumu, kukosa usingizi ni jambo la kawaida hapa, wote walipita humo.

"Waliopita tunawaona, daktari, wamekuwa madaktari," fundi alisema. "Ambao hawakupita tutawaona wapi?"

Hapo Daktari Saa akainuka. Kijana aliagizwa angoje kwenye benchi nje ya ofisi ya kamati, alisema, twende. Walitembea upesi bila kukimbia, kama watu wanavyotembea hospitalini wanapoogopa kutisha wengine. Benchi lilikuwa tupu. Juu yake palikuwa na begi lililofungwa vizuri, na juu ya begi kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo, kimezungushwa kama kamba ya mtu aliyemaliza kazi. Vitambulisho viwili, cha chuo na cha wodini, vimewekwa pembeni, vimelinganishwa kingo.

Daktari alivitazama vile vitambulisho, na rangi ikamtoka. Alikimbilia ngazi za kwenda juu ya paa.

Fundi magoti yake hayakuwa ya paa. Alibaki amesimama kwenye korido, na mawazo yake yakawa matulivu ghafla kama maji yanapotuama. Mtu aliyebisha hodi asijibiwe, alifikiri, kabla hajaondoka kabisa huuzunguka mlango ule ule mara moja. Akaelekea ukumbini.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Madirisha yalikuwa wazi na upepo ulikuwa ukipumua ndani ya mapazia manane, yakijaa na kupwaya, yakijaa na kupwaya, na mwanga ulipita ndani yake mpaka sakafu ikawa kama iko chini ya maziwa. Hakusikia hatua zake mwenyewe. Alipita kitanda cha kwanza, ambapo hakuna aliyekuwa akifa, cha pili, cha tatu. Alilifunua pazia la nne kwa ncha za vidole.

Kijana alikuwa amelala chali pale alipolala yeye asubuhi, na koti lake, macho juu. Hakugeuka. Fundi alishusha pumzi ndefu, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Miaka sita alikuwa hajawahi kukikalia. Kilikuwa kifupi, na mtu aliyelala kitandani alionekana mkubwa kuliko alivyodhani.

"Mwanangu, asubuhi uliniambia kitu, nikakujibu kwa karatasi. Nisamehe."

Pazia lilijaa likapwaya mara kadhaa.

"Nilikuwa nasema habari za mgonjwa, mama."

"Mgonjwa wangu hana koti."

Akamgeukia. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilimtisha fundi kuliko kama yangelia. Kulikuwa na swali moja lililobaki. Alikuwa ameulizwa swali hilo na wanafunzi wasio na hesabu, na kila mmoja alipolifikia alitazama sakafu na kuliharakisha kama mtu anayevuka barabara. Aliwaona wazembe. Sasa alikuwa upande wao, na swali likakaa ulimini kama jiwe la kusagia. Akamtazama usoni, hakutazama sakafu.

"Umefikiria kujiua?"

Kijana alirudisha macho juu kwa muda ambao hakuna fomu ingeuvumilia.

"Nimefikiria."

"Leo?"

"Leo. Nikaja kulala hapa kwanza. Nilitaka kujua kama kuna mtu ataniuliza."

Fundi akainyoosha mikono yake, akaisugua viganja bila kujua anafanya nini, akaushika mkono wa kijana. Hakusema pole. Hakusema anaelewa, kwa kuwa haelewi, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Alikaa tu akiushika. Hapo ndipo yule kijana alipolia, na alilia vibaya, kama mtu asiyekuwa na mazoezi, akijikatiza kila mara kuomba radhi kwamba analowesha shuka za chuo. Fundi alimwambia shuka zina wafuaji wake, yeye aendelee.

Hatua za mbio zikasikika, zikapunguza mwendo, zikasimama nje ya pazia. Daktari Saa alikuwa akihema. Fundi akamwonyesha kwa mkono aingie, naye akaingia kwa ubavu, akakosa mahali pa kukaa, akapiga magoti sakafuni karibu na kichwa cha kijana, mtu mzima na suruali yake iliyopigwa pasi.

"Sikuiba karatasi, daktari."

"Najua. Nitaiandikia kamati mwenyewe, na nitaandika pia kwamba nilikusikia nikaendelea kuhesabu. Nisamehe, bwana mdogo. Huendi popote peke yako leo."

Kijana alisema amechoka kwelikweli. Daktari akasema hata kupumzika kupo, mwaka unaweza kusimama ukamngoja, vitabu havitembei. Kwamba kuna mshauri nasaha ghorofa ya pili, mwanamke hodari, na wanafunzi hawaendi kwake kwa kuogopa kuonwa wakipanda. Kijana akakubali kwamba mara tatu alikwisha kufika ngazi ya kwanza, akapita moja kwa moja kama anayekwenda maktaba.

Waliondoka ukumbini watatu. Daktari alitangulia kidogo, kisha akaona anatangulia sana, akarudi nyuma. Kijana alipanda kama mtu aliyetoka homani, akipumzika kila baada ya ngazi mbili tatu, na fundi, ambaye magoti yake yalikuwa yakishukuru kwa kila kituo, alijifanya ni yeye anayechelewesha. Wanafunzi wawili walikuwa wakishuka. Waliwatazama, wakanyamaza, wakawapisha. Kijana aliinamisha kichwa mpaka walipopita.

Katikati ya ngazi akasimama.

"Mama, nikifika huko nikashindwa kusema?"

"Nitakaa hapo mlangoni. Ukishindwa leo, tutapanda tena kesho."

"Una cherehani yako, una wateja."

"Wateja hawajui kufa, wanajua kusubiri," fundi alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo upande mmoja wa mdomo wa kijana ukasogea.

Mlango wa mshauri ulikuwa na kibao kidogo, na ulifunguliwa kabla hawajabisha mara ya pili. Mwanamke mnene mwenye miwani alisimama na kitambaa cha kufutia meza mkononi. Aliwatazama wote watatu: daktari mwenye vumbi magotini, mama mtu mzima aliyekuwa akihema, na kijana mwenye koti la wodini. Pengine ndivyo alivyozoea, kuletewa mgonjwa na daktari na mwanafunzi wake. Akamwelekea fundi kwa heshima, akauliza mgonjwa ndiye huyu.

Daktari Saa alifungua mdomo. Fundi akamgusa kiwiko, akaufunga.

Walingoja. Ndani ya chumba palikuwa na viti viwili, vimekaa kwa pembe, si vya kutazamana uso kwa uso. Kijana aliviangalia muda mrefu, kisha akalivua koti lake, akalikunja, akampa fundi alishike.

"Hapana," alisema. "Mgonjwa ni mimi."